Soksi ya Krismasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Zawadi Ndogo na Wanaopewa

Majibu haya yanazihusu zaidi familia zinazozungumza Kiswahili na kuishi Uingereza, Marekani na Kanada, ambako kujaza soksi ya Krismasi ni desturi ya kawaida. Wazazi wengi wa familia hizo hawakukua nayo. Krismasi ya utotoni mwao ilikuwa nguo mpya, pilau na safari ya kwenda kwa bibi. Soksi wameikuta ughaibuni, mara nyingi kwa sababu mtoto amerudi kutoka shuleni akiuliza yake itatundikwa wapi.

Soksi ya Krismasi ni nini, na zawadi zake zinatofautianaje na zile zinazowekwa chini ya mti?

Ni soksi kubwa ya kitambaa au ya kufuma inayotundikwa usiku wa tarehe 24 Desemba, karibu na meko ya kuotea moto au miguuni pa kitanda cha mtoto, ili asubuhi ikutwe imejaa vitu vidogo vidogo. Desturi hii huunganishwa na masimulizi ya Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Mira katika karne ya 4, mji ambao leo uko Demre nchini Uturuki. Inasimuliwa kwamba aliwasaidia kwa siri mabinti watatu wa baba fukara kwa kuwarushia dhahabu usiku ili wapate mahari ya kuolewa, na masimulizi ya baadaye yakaongeza kwamba dhahabu hiyo iliangukia ndani ya soksi zilizokuwa zimeanikwa zikauke. Nchini Marekani picha ya soksi zilizotundikwa kando ya bomba la moshi ilienea sana kutokana na shairi lililochapishwa mwaka 1823 katika gazeti la mji wa Troy, jimbo la New York.

Tofauti iliyo muhimu kwa mnunuzi ni hii: zawadi ya chini ya mti huwa na jina la mtoaji, na anayeipokea hujua amshukuru nani, ilhali ya ndani ya soksi, kwa mapokeo, imeletwa na Baba Krismasi, kwa hiyo haimdai mtu shukrani wala haishindani na zawadi ya mwingine. Ndiyo maana soksi inaweza kubeba kitu cha kawaida kabisa, kama mswaki au penseli, bila kumvunjia mtu heshima.

Nianze wapi kuchagua?

Anza kwa kumtazama mtu mwenyewe kabla hujatazama rafu za duka. Ni kitu gani hukiishiwa mara kwa mara? Ni kitu gani hukiazima kwa wengine? Ni kitu gani chake kilivunjika naye akaendelea kukitumia hivyo hivyo? Mtu ambaye miwani yake ina ukungu kila aingiapo ndani kutoka kwenye baridi atafurahia kitambaa kizuri cha kufutia miwani kuliko kikombe chenye maandishi ya kuchekesha, na aliyefunga waya wa chaji uliokatika kwa utepe wa gundi amekwisha kukuambia anachohitaji.

Kipimo ninachokiamini ni kimoja: kabla ya mwisho wa Januari, kitu hicho kiwe kimeliwa, kimetumika kikaisha, au kinashikwa mkononi kila wiki. Madukani kuanzia Novemba hupangwa vikorokoro vya plastiki vilivyotengenezwa kwa ajili ya kujaza soksi tu, navyo ndivyo vinavyofika jalani mapema kuliko karatasi vilivyofungiwa. Vitu vinne au vitano vilivyofikiriwa vinatosha kabisa.

Soksi inachukua kiasi gani, na vitu vipangwe vipi?

Soksi nyingi zinazouzwa zina urefu wa sentimita 45 hivi, na sehemu ya mguu ni nyembamba kuliko inavyoonekana ikiwa tupu. Kwa mapokeo, kwenye ncha ya soksi, penye vidole, huwekwa chenza au chungwa, tunda ambalo wengi hulihusisha na dhahabu ya Mtakatifu Nikolasi, sawa na sarafu za chokoleti zilizofungwa kwa karatasi ya dhahabu. Chenza lina faida nyingine ya wazi, kwani hulijaza pembe lile gumu na kuipa soksi umbo. Juu yake weka vitu vizito na vya duara, kisha vile vilivyo bapa, na kileleni kitu kimoja kirefu kinachochungulia nje. Usitundike kitu kizito, kama chupa ya kioo, kwenye ndoano iliyowekwa tu juu ya rafu ya meko bila kufungwa, kwa maana mtoto akivuta soksi, ndoano ya chuma humwangukia kichwani.

Mtoto wangu hajafikisha miaka 3. Nimwekee nini?

Hapa ndipo uangalifu unapohitajika kuliko mahali pengine pote, kwa sababu soksi ni mkusanyiko wa vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo vinavyowakaba watoto. Sheria ya Marekani hukipima kifaa cha kuchezea cha mtoto wa chini ya miaka 3 kwa mcheduara, yaani chombo chenye umbo la kopo, wenye kipenyo cha sentimita 3.17: kifaa, au kipande chake kinachoweza kubanduka, kikiingia chote humo, hakiruhusiwi kuuzwa kwa umri huo. Nyumbani unaweza kutumia kiini cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni inapoisha. Ni kipana zaidi kidogo, hivyo kinakupa nafasi ya usalama. Nchini Uingereza tafuta alama ya duara jekundu lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3 iliyokatwa kwa mstari, ambayo maana yake ni kwamba kitu hicho hakimfai mtoto wa umri huo hata kama mzazi anamwona mwerevu kuliko wenzake.

Yapo mambo matatu ambayo ningependa kila mzazi ayajue. La kwanza ni betri bapa za duara zinazotiwa ndani ya tochi ndogo, kadi zinazoimba na vinyago vinavyowaka. Mtoto akimeza betri hiyo ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya kwa ndani katika muda wa saa 2 tu, hata ikiwa imeisha nguvu. Nunua tu kifaa ambacho kifuniko cha betri kimefungwa kwa skurubu, na ukishuku kwamba mtoto amemeza, mpeleke hospitali upande wa dharura mara moja bila kungoja dalili. La pili ni sumaku ndogo zenye nguvu nyingi. Mbili zikimezwa hutafutana tumboni na kuubana utumbo kati yake hadi kuutoboa. La tatu ni zile punje za rangi zinazovimba zikitiwa majini, kwani huendelea kuvimba zikiwa ndani ya mwili na zinaweza kuziba utumbo. Vitu hivi havifai hata kwenye soksi ya kaka au dada mkubwa ikiwa kuna mtoto anayetambaa nyumbani.

Kinachofaa ni kitabu cha kurasa ngumu, kijiko chake mwenyewe chenye mpini mnene, soksi zisizoteleza, kitambaa laini cha kuogea chenye sura ya mnyama, au vikombe vya kupanganisha vinavyotumika hata bafuni. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali wala kitu chochote chenye asali. Vilevile usimwachie mtoto mchanga soksi yenyewe kitandani mwake anapolala.

Watoto wa miaka 4 hadi 10 hupendelea nini?

Hupenda kitu cha kufanya mara moja, kwa sababu soksi hufunguliwa alfajiri wazazi wakiwa bado na usingizi, na kilichomo ndani ndicho kitakachowashughulisha hadi chai iive. Kamba ya kuruka, karata, gololi, chaki za kuchorea sakafuni, kifutio chenye umbo la tunda, tochi halisi inayoshikika vizuri, mbegu za alizeti na kikopo cha kuzipandia, kitabu chembamba cha hadithi za Kiswahili ambacho mtoto anaweza kukimaliza siku hiyo hiyo: vyote hivi vimeonyesha manufaa katika nyumba nyingi. Kwa watoto wanaolelewa ughaibuni, karata za kulinganisha picha zilizoandikwa majina ya wanyama au matunda kwa Kiswahili zina thamani ya pekee. Unaweza kuzitengeneza mwenyewe kwa kadi ngumu na kalamu za rangi, na nina hakika zitachezwa kwa muda mrefu kuliko nyingi za dukani.

Kuhusu vitu vya kuliwa, huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inashauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga wala njugu nyingine zikiwa nzima, kwa hatari ya kukabwa. Peremende ngumu za duara nazo ziachwe. Sarafu za chokoleti hazina neno, mradi mtoto hana mzio wa maziwa na anajua kuimenya karatasi yake.

Nina watoto wa umri tofauti. Nitagawaje kwa haki?

Linganisha idadi, usilinganishe bei. Mtoto wa miaka 6 hajui kwamba spika za masikioni za dada yake zina thamani ya vitu kumi vyake, lakini anajua kuhesabu, naye atahesabu. Weka idadi ileile ya vitu kwa kila mmoja, na kimoja au viwili viwe sawasawa kwa wote, kwa mfano chenza na karata, ili waanze kucheza pamoja. Mtoto wa kambo, au binamu aliyekuja kukaa likizo, awe na soksi yake kamili yenye jina lake, ukubwa uleule na rangi zilezile. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu mtoto huona pengo hilo hata kama watu wazima hawakulikusudia, na hukumbuka.

Kijana wa miaka 13 hadi 19 anapewa nini?

Kijana hutaka kuonekana amekua, lakini wengi wao huumia soksi yao ikiondolewa ghafla, hivyo endelea nayo na ubadilishe kilichomo. Waya wa chaji ulio mrefu kuliko ule wa kawaida, mafuta ya midomo, mafuta ya nywele yanayofaa nywele zake hasa, kalamu nzuri, vibanio, soksi nene, au vitafunio anavyovipenda ambavyo hatalazimika kugawana na mtu ni chaguo salama. Kwa binti au kijana mwenye nywele za kipilipili anayeishi mahali ambapo maduka ya jirani hayauzi bidhaa zake, kofia ya satini ya kulalia ni zawadi ya maana sana.

Kadi ya zawadi ya duka inaruhusiwa na ni bapa, lakini soma masharti yake. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2009 inazuia fedha zilizomo kwenye kadi ya namna hiyo kuisha muda kabla ya miaka 5. Jimbo la Ontario nchini Kanada kwa jumla haliruhusu kadi hizo kuwa na tarehe ya mwisho. Uingereza haina sheria kama hiyo, hivyo kila kampuni hujipangia muda wake. Dukani, kagua kama sehemu inayoficha namba za siri imekwanguliwa au pakiti imefunguliwa na kubandikwa tena, kwa maana wezi hunakili namba hizo wakangoja kadi ilipiwe.

Mume wangu husema hahitaji kitu. Na je, soksi yangu mimi nani ataijaza?

Anayesema hahitaji kitu mara nyingi anasema kweli kuhusu vitu vikubwa. Mpe kinachoisha: kahawa ya aina anayoipenda, wembe, pilipili ya chupa, glovu za kuendeshea gari asubuhi ya baridi, kifaa cha kupimia upepo wa matairi. Epuka kipambo cha mezani.

Swali la pili ni zito zaidi. Katika nyumba nyingi mtu mmoja, ambaye mara nyingi ni mama, huzijaza soksi zote, kisha yake huning'inia tupu asubuhi au hujijazia mwenyewe usiku ili watoto wasiulize. Haifai kuachwa iendelee hivyo. Mweleze mwenzako waziwazi mapema Desemba kwamba soksi yako ni kazi yake, na ikiwa unalea peke yako, mwombe dada, shoga au mama mkubwa wa watoto awapeleke dukani na fedha kidogo wakuchagulie. Watoto wa miaka 7 au 8 huweza kuchagua vizuri ajabu wakiachwa wafikiri: mafuta ya mikono, majani ya chai, kipande cha chokoleti, leso.

Na bibi au babu anayeishi nasi?

Wazee wasiachwe nje ya soksi kwa kudhaniwa kwamba ni jambo la kitoto. Kwa aliyehamia nchi ya baridi akiwa na umri mkubwa, joto ndilo jambo la kwanza: soksi zisizobana juu, kwa sababu miguu ya wengi huvimba, zenye vinundu vya mpira chini ili zisiteleze; glovu; mafuta mazito ya ngozi. Kioo cha kukuzia maandishi, tochi ndogo ya kuweka kando ya kitanda, picha mpya za wajukuu zilizochapishwa kwenye karatasi, au tasbihi kwa Mkatoliki, vyote huingia bila shida.

Kabla ya kuweka vyakula, fikiria dawa anazotumia. Balungi huingiliana na baadhi ya dawa za kupunguza lehemu, kama simvastatin, na peremende nyeusi zenye likorisi halisi zikiliwa kwa wingi zinaweza kupandisha shinikizo la damu. Chenza halina tatizo hilo la balungi. Mwenye kisukari huheshimiwa zaidi kwa korosho au chai nzuri kuliko kwa chokoleti ambazo atalazimika kuzitazama wengine wakila.

Tuna ndugu Waislamu nyumbani. Tuwahusishe?

Waulize kwanza, na ukubali jibu lolote. Familia nyingi za kwetu zina shangazi Mwislamu na mjomba Mkristo, na watu hao wamekula pamoja sikukuu zote tangu utotoni. Hata hivyo, kula pilau ya Krismasi ni jambo moja, na kutundikiwa soksi yenye jina lako ni jambo jingine ambalo wengine hawataliridhia. Akipenda, zingatia viungo: peremende laini nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, basi tafuta zilizoandikwa halali au zinazotumia pektini ya matunda, na baadhi ya chokoleti za sikukuu zina pombe ndani. Asipopenda, mpe tende nzuri mkononi, siku nyingine, bila soksi.

Mwalimu, jirani na mtu wa posta wapewe zawadi za aina gani?

Hawa hawahitaji soksi, bali kitu kidogo chenye kadi iliyoandikwa kwa mkono. Mwalimu hupokea vikombe na mishumaa mingi mno. Barua fupi ya mtoto inayotaja jambo moja alilofundishwa, pamoja na pakiti ya chai, humgusa zaidi. Usipeleke shuleni kitu chenye karanga kabla ya kujua kanuni zao, maana shule nyingi zimezipiga marufuku kwa sababu ya mzio. Nchini Marekani mfanyakazi wa shirika la posta la taifa haruhusiwi kupokea fedha taslimu, na zawadi isizidi thamani ya dola 20 kwa mara moja, wala dola 50 kwa mwaka kutoka kwa mtu mmoja. Skafu au bakuli la biskuti linatosha.

Ningependa kuweka vitu vya nyumbani Afrika Mashariki. Vipi vinafaa?

Vinafaa sana, na kwangu hivi ndivyo vinavyoifanya soksi hii iwe yetu. Korosho za Mtwara, kahawa ya Kilimanjaro, majani ya chai ya Kericho, kashata, vifuko vya iliki na mdalasini, kinyago kidogo cha mawe ya Kisii kutoka Tabaka, bangili ya shanga, au kadi iliyochorwa kwa mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga katika miaka ya 1960. Kanga moja iliyokunjwa vizuri huingia, ila usome jina lake kabla ya kumpa wifi au mama mkwe, asije akalichukua kama fumbo. Ubuyu wa Zanzibar au mabuyu ya Mombasa huwapendeza vijana, lakini mbegu zake ni ngumu na zinateleza, hivyo zisiwafikie watoto wadogo.

Usinunue kitu cha pembe za ndovu, gamba la ng'amba au matumbawe, hata kikiwa kidogo kama hereni na muuzaji akikuhakikishia kwamba ni cha zamani. Biashara yake inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini, na forodhani kitachukuliwa, pengine pamoja na faini.

Je, mbwa na paka nao?

Wengi ughaibuni huwawekea. Mpe mbwa mpira au mfupa wa kutafuna uliotengenezwa kwa ajili yake. Chokoleti, zabibu kavu na peremende zenye zailitoli, kitamu kinachotumiwa badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa, kwa hiyo soksi za watu nazo zitundikwe asipofikia.

Nitumeje zawadi hizi kwa posta au kuzibeba kwenye ndege?

Nchini Uingereza, pakiti isiyozidi unene wa sentimita 2.5 na uzito wa gramu 750 huweza kutumwa na shirika la posta la Royal Mail kwa bei ya barua kubwa, ambayo ni nafuu kuliko ya kifurushi. Kitabu chembamba, soksi, karata na kadi ya zawadi hupita humo, na kujua kipimo hicho kabla ya kununua hubadilisha kabisa unachochagua kwa ndugu wa mbali. Tarehe za mwisho za kutuma hutangazwa kila mwaka na huja mapema kuliko watu wanavyodhani kwa mizigo ya kimataifa. Betri za akiba za kuchajia simu usizitie kwenye posta, na kwenye ndege zibebwe mkononi, si kwenye begi la chini.

Katika viwanja vya ndege vya Marekani, asali, jemu na siagi ya karanga huhesabiwa kuwa vimiminika, hivyo kwenye begi la mkononi chombo kisizidi mililita 100. Zawadi ziachwe bila kufungwa hadi ufike, kwa sababu mkaguzi anaweza kuzifungua. Mwisho, wanaosafiri kutoka Ulaya kwenda kuwaona jamaa Marekani wasibebe mayai ya chokoleti ya Kinder Surprise, yenye kifaa cha kuchezea ndani, ambayo watoto wa Ulaya huyapenda mno katika soksi zao: sheria ya chakula ya Marekani ya mwaka 1938 inakataza peremende iliyofungiwa ndani kitu kisicholiwa, na maofisa wa forodha huyachukua. Kinder Joy, ambayo kifaa chake kimetengwa upande wake mbali na chokoleti, inauzwa huko huko kihalali, na inaweza kununuliwa baada ya kufika.